Tafuta daktari wa meno kabla jino halijakukeshesha

Miaka miwili ya mwanzo huku ughaibuni sikuwa na daktari wa meno. Karatasi za kazi nilizifuatilia, benki nikafungua akaunti, bima nikalipa, lakini meno niliyaacha hivyo hivyo. Usiku mmoja gego la chini likaanza kupwita. Lilipwita sawasawa na mapigo ya moyo, na kila nikilaza kichwa lilizidi, nikakesha nimekaa kitini.

Asubuhi nilipiga simu kliniki nne. Tatu hazikuwa zikipokea wagonjwa wapya. Ya nne ikanipokea, na daktari akaniuliza maumivu yakoje. Nikakosa neno. Kwa Kiswahili najua tofauti ya ganzi, kuchoma, kuvuta na kupwita. Kwa lugha ya huku nilijua kusema "linauma", basi.

Naandika haya kwa sababu namna jino linavyouma inamwambia daktari mengi hata kabla ya picha ya eksirei. Ganzi inayokuja kwa maji baridi na kupotea baada ya sekunde chache, mara nyingi jino bado linaokoleka kwa kuzibwa, au ni fizi tu zimerudi nyuma. Maumivu yakibaki dakika kadhaa, au yakija yenyewe usiku, huenda uozo umefika kwenye kiini chenye mishipa, na hapo ni kusafisha mzizi au kung'oa. Likiuma unapoling'atia tu, huenda lina ufa. Ukivimba uso na kupata homa, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri miadi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Langu daktari alilipima kwa kipamba chenye baridi kali. Akagusa jino la jirani, nikashtuka, ikaisha. Akagusa lenyewe, na maumivu yalikuwa bado yapo alipomaliza kuandika.

Fizi nazo ndugu zangu wengi wanazidharau kwa kuwa haziumi. Zikitoa damu, watu huacha kupiga mswaki pale, na hilo ni kosa: damu hiyo kwa kawaida inatokana na ukoga uliobaki. Ukoga ukikaa hugeuka mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena. Uvimbe wa mwanzo hupona kabisa. Lakini mfupa unaoshika jino ukishaliwa haurudi wenyewe.

Meno yaliyobanana au kutokeza ni habari nyingine. Binti yangu amefungwa nyaya, na nilitaka zitolewe mapema mpaka nilipoeleweshwa: mfupa hulika upande ule jino linakoelekea na kujengeka kule linakotoka, kazi ambayo kwa wengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Baadaye atavaa kishikizo, kifaa cha kuyashika meno pale yalipopangwa, la sivyo yataanza kurudi. Muulize anayetaka kukufunga kama ni bingwa wa kupanga meno, na kama amesajiliwa.

Kwa hiyo piga simu leo, jino likiwa kimya. Uliza kama wanapokea wagonjwa wapya, dharura wanafanyaje, kama mkalimani anapatikana, na kama gharama utapewa kwa maandishi kabla ya kuguswa.

Maneno ya maumivu nimeyaandika kwenye simu, Kiswahili upande mmoja, lugha ya huku upande wa pili. "Kupwita" ndilo lililochelewa kupata mwenzake.