Kutoka miligramu hadi mililita: dawa za sindano wodi ya watoto

Wodi ya watu wazima ina dozi ambazo mkono unazizoea haraka. Gramu 1 ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ni gramu 1, mgonjwa awe mnene awe mwembamba. Nilipohamishiwa wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa, mazoea hayo hayakunifaa tena. Kitanda hiki kuna kichanga wa kilo 2.6, kile cha pili yake kuna mtoto wa shule wa kilo 26, na wote wawili wameandikiwa jentamaisini, nayo dawa ya kuua bakteria.

Chuoni tulikaririshwa mambo ya kuhakikisha: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi, kisha andika. Sina ugomvi nayo. Ila yanakutajia unakotakiwa kufika, hayakuonyeshi shimo liko wapi. Kwetu shimo lilikuwa pale daktari anapoandika miligramu na mimi navuta mililita.

Chukua huyo kichanga. Ana siku 2, dozi ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 13 mara moja kwa siku. Hesabu nyepesi. Lakini jenta huja katika ampuli, yaani vichupa vidogo vya kioo vya kuvunja shingo, za nguvu mbili: ya miligramu 20 na ya miligramu 80, na zote zina mililita 2 za maji meupe. Ukitumia ndogo, unavuta mililita 1.3. Ukitumia kubwa, unavuta takriban mililita 0.33 tu. Sasa mtu aliyezoea kuvuta 1.3 akiletewa boksi la ampuli kubwa asisome maandishi, mtoto atapata miligramu 52, mara nne ya dozi yake, na dawa yenyewe ni ile inayoweza kuharibu figo na masikio.

Ampisilini nayo ina vituko vyake kwa sababu ni ya unga. Wengi huweka mililita 2.5 za maji kwenye kichupa cha miligramu 500, wakaamini kila mililita ina miligramu 200. Unga wenyewe unachukua nafasi. Ukitaka jumla iwe mililita 2.5, unaweka maji mililita 2.1. Mtoto wa kilo 8 anayetakiwa miligramu 400 hapo anapata mililita 2 kamili, wala huhitaji kupiga ramli.

Nilichofanya ni kuanzisha jedwali. Jioni moja nilikaa na daftari, nikaandika kilo upande mmoja, dawa tunazozitumia kila siku upande wa pili, na katikati mililita za kuvuta. Juu ya kila safu niliandika nguvu ya ampuli au kichupa na maji yanayoongezwa. Atesuneti, dawa ya malaria kali, niliipa safu mbili, maana ukiichanganya kwa mshipa inakuwa miligramu 10 kwa mililita, na kwa msuli inakuwa 20. Mfamasia alilipitia akikokotoa upya mwenyewe, daktari wa watoto akasaini, tukalibandika juu ya meza ya kuandalia dawa. Stoo wakileta ampuli za nguvu nyingine, safu hiyo inafunikwa kwa plasta siku hiyohiyo hadi iandikwe upya. Jedwali la zamani likibaki ukutani, bora kusiwe na jedwali kabisa.

Jedwali bila uzito ni pambo, kwa hiyo kabla ya uzito wa leo kuandikwa juu ya chati, sivuti dawa. Mtoto anavuliwa, kanga mbili, kofia na nepi ya kitambaa si kilo zake. Na namba tunaziandika kwa adabu: 0.5 yenye sifuri mbele, na 5 isiyo na nukta na sifuri nyuma, kwa sababu kwa mwanga wa taa yetu 5.0 husomeka 50.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuhakikiwa na mtu wa pili. Wenzangu walikuwa wakiniuliza, "Sista, ni moja nukta tatu, sivyo?" nami naitikia. Huko si kuhakiki, ni kuitikia kibwagizo. Tukakubaliana kwamba wa pili anapewa chati na ampuli, anakokotoa peke yake, ndipo tunalinganisha. Usiku ukiwa peke yako, kwa jenta na dawa zote za vichanga unamwita muuguzi wa wodi jirani au daktari wa zamu. Walinuna mwanzoni. Wengine bado wananuna.

Jina nalo halitakiwi kubahatishwa. Ukimuuliza mama aliyekesha, "Huyu ni fulani?" atasema ndiyo kwa jina lolote. Namwomba anitajie mwenyewe. Bibi mmoja aliniangalia kwa mshangao: "Mwanangu, si wewe uliyemchoma jana?" Nikamwambia, "Ni mimi bibi, lakini nitajie tu." Akacheka, akataja hadi jina la ukoo. Baada ya hapo akawa anataja kabla sijaomba, tena kwa sauti ya kusikika kitanda cha nne.

Siku ya kuruhusiwa kazi inahamia kwa mama. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo mtoto akiondoka na dawa ya maji nampa bomba la mililita 5 lisilo na sindano, nazungushia kipande cha plasta penye kipimo chake, kisha namwomba avute maji ya kunywa mbele yangu. Mtoto wa kilo 8 mwenye homa, kwa parasetamo ya miligramu 120 katika mililita 5, anakunywa bomba zima, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Namwambia pia asilinganishe na chupa ya jirani, kwani ipo ya miligramu 250 yenye ladha ileile. Akivuta sawasawa, anaondoka na bomba lake. Akikosea tunarudia, na gari linalomsubiri nje lisubiri.