Mti mmoja, vipimo sita

112, 110, 113, 44, 131, 112.

Hivyo ni vipimo vya mzingo wa mti mmoja vilivyoletwa na makundi sita ya darasa langu la tano. Mti ni uleule, tepu zote ni za fundi cherehani. Nilipoviandika ubaoni, darasa zima lilipaza sauti. Kila kundi likadai wenzao ndio waliokosea. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Miaka yote niliyofundisha takwimu kwa kitabu sikuwahi kuona mtoto akigombania namba.

Zamani nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Jedwali liko tayari kitabuni: watoto kadhaa wanapenda bluu, kadhaa nyekundu, chora grafu ya nguzo. Walichora vizuri, kwa rula na penseli za rangi. Nikiuliza, "Haya, grafu inatuambia nini?" walinisomea urefu wa kila nguzo, basi. Na lingine wangelitoa wapi? Watoto wa kitabuni hawakuwajua, hawakuwapo walipoulizwa, na hata kama namba zile zingebuniwa wasingekuwa na njia ya kugundua. Ni vigumu mtoto kuitilia shaka namba ambayo hakuiona ikizaliwa, na sayansi ya data isiyotilia namba shaka ni kuchora tu.

Ndiyo maana sasa tunaanzia uwanjani.

Swali la siku ile lilikuwa la watoto wenyewe: mti mnene zaidi ndio wenye kivuli kikubwa zaidi? Kabla ya kutoka niliwauliza tutaupima mti sehemu gani, maana shina halina unene mmoja toka chini hadi juu. "Kifuani," akajibu mmoja. Hapo hapo nyuma ikasikika sauti: "Kifua cha nani?"

Swali hilo hilo watu wa misitu waliwahi kulitatua. Wao hupima usawa wa kifua cha mtu mzima, na ili kifua cha mtu kisilete ubishi, katika nchi nyingi wamekubaliana mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa wanafunzi wangu wengi hapo ni usawa wa uso. Tukakata vijiti vya urefu huo, kila kundi kimoja, tukatoka.

Tuliporudi, watoto walitaka nifute ile 44. Nikakataa. Niliwaambia namba haifutwi kwa kuwa inatuudhi. Kwanza tujue imetoka wapi. Tukatoka tena, darasa zima, tukauzunguka mti. Kundi la 44 likapima upya mbele ya wenzao. Binti aliyeshika tepu akaizungusha, akaibana kwa kidole, akasoma kwa sauti: arobaini na nne. Na kweli, 44 ilikuwa pale. Mwenzake akainama, akaigeuza tepu bila kuondoa kidole, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Huku nyuma ni mia moja na kumi na mbili."

Tepu ya fundi ina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Wale watoto walipima sawasawa kabisa. Kilichokosekana ni kizio: sentimita au inchi. Tangu siku hiyo sihitaji kumkumbusha mtu kuandika "sm" mbele ya namba, wanakumbushana.

Ile 131 nayo ilikuwa na historia yake. Kundi lile lilisahau kijiti darasani, likapima chini, pale shina linapoanza kutanuka kwenda kwenye mizizi. Tulishusha tepu polepole mpaka 131 ikatokea, tukajua.

Zikabaki 110, 112 na 113, na hapa nawaomba walimu wenzangu wasipite haraka. Watoto walitaka mkosaji mwingine. Hayupo. Mmoja anakaza tepu zaidi, mwingine anaipitisha juu ya nundu ya gome. Hata kundi moja likirudia mara tatu halipati namba ile ile. Kumfanya mtoto wa miaka kumi akubali kwamba kuna tofauti zinazotokana na kosa na tofauti zinazokuja na kupima kwenyewe, hiyo kwangu ni kazi ya muhula mzima, na inafaa muda wake.

Baada ya hapo tukajaribu wastani wa namba zote sita kama zilivyokuja: 622 gawa kwa 6, karibu 104. Hakuna kundi lililopata 104. Kisha nikawasimamisha watoto sita wenye kadi za namba, kutoka ndogo hadi kubwa, wakawa wanakaa wawili wawili kuanzia pembeni. Wa 44 na wa 131 wakakaa kwanza, wakafuata wa 110 na wa 113. Waliobaki wamesimama katikati wote walishika 112. Sikuongeza neno, waliona wenyewe.

Wiki iliyofuata tulihesabu wadudu. Kila kundi lilikuwa na fremu ya vijiti vinne, mita moja kila upande. Unailaza chini na kuhesabu kila kinachotembea ndani yake. Wote, bila kuambizana, walilaza fremu palipojaa sisimizi. Niliwaelewa, nani anataka kutazama udongo mtupu? Lakini tulitaka kujua wadudu wa uwanja mzima, na kwa mtindo huo tungeamini kila hatua ina kichuguu. Tukaacha karatasi za kura ziamue: namba ya kwanza hatua za kwenda mbele, ya pili hatua za kwenda kushoto. Fremu inalala pale mguu ulipoishia, hakuna kusogeza.

Mvulana mmoja akaangukia mahali pa changarawe. Alichuchumaa dakika tano nzima, uso karibu na ardhi. Hakikutoka kitu. Alipoleta karatasi yake, nafasi ya idadi ilikuwa tupu. Nikamuuliza mbona hakuandika. "Sikupata kitu, mwalimu." Macho yalikuwa yameanza kulowa, akidhani amefeli.

Nilikaa naye chini. Nilimwambia nafasi tupu inasema hukwenda kutazama, sifuri inasema ulitazama vizuri na hapakuwa na mdudu. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Akachukua kalamu, akaandika 0 kubwa, akaikoleza mara mbili.

Kwa ajili yake nikawasimulia habari za John Snow, daktari wa London, na kipindupindu cha mwaka 1854. Alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akavionyesha kwenye ramani, vikaonekana vimelizunguka bomba la maji la Broad Street. Sehemu hiyo husimuliwa mara nyingi. Mimi nilikaa zaidi kwenye kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa huo huo: hakuna mfanyakazi wake aliyekufa. Walikuwa na kisima chao na walikunywa bia, maji ya bomba lile hawakuyagusa. Snow hakuiruka sifuri ile, aliuliza sababu yake, nayo ikatia nguvu hoja yake kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji. Yule mvulana alisikiliza hadithi yote mkono ukiwa juu ya karatasi yake.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo, kwa kuwa naulizwa sana. Tunazo micro:bit chache, zile kompyuta ndogo za kufundishia, na watoto wanazipenda, lakini huwa sizitoi mwanzoni. Kipimajoto kilichomo husoma joto la chipu yenyewe, kwa hiyo mara nyingi huzidi kile cha kioo kilichoning'inizwa kivulini. Aliyekwisha kugombana na tepu ya fundi ataona tofauti hiyo na kuuliza. Ambaye hajapitia hapo ataandika tu kile micro:bit inachomwonyesha.

Swali la kivuli bado hatujalimaliza. Tumepima miti tisa, na mmoja mwembamba una kivuli kikubwa kuliko mnene wa kwanza. Jana binti wa 44 alinifuata wakati wa mapumziko akiwa na daftari. Ameongeza safu mbili ambazo sikumwagiza, moja ya jina la aliyepima, nyingine ya saa. Anasema kivuli cha asubuhi na cha mchana hatuwezi kuviweka kwenye jedwali moja, na kwamba vipimo vyetu vyote tisa inabidi vichukuliwe upya.

Jumatatu tunatoka saa sita kamili.