Usiku wa Pili Baada ya Theluji

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, na jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha mimea, niliijua miaka mingi kabla sijaiona theluji. Kwetu hushuka wakati wa kipupwe, mwezi wa 6 na wa 7, usiku ambao anga halina wingu na upepo umetulia. Kunapokucha, viazi vya kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, huwa vimeungua na kuwa vyeusi, ilhali vya juu mlimani vimesalimika, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na huteremka mabondeni kama maji. Nilipohamia Aurora, mji ulio jirani na Denver katika jimbo la Colorado, niliamini kwamba ujuzi huo ungenitosha.

Wakulima wa bustani wa huku huonya kwamba nyanya zisipandwe nje kabla ya Siku ya Akina Mama, yaani Jumapili ya pili ya Mei. Mwaka 2022 nililitimiza sharti hilo, nikahamishia tutani miche 18 niliyoilea dirishani tangu Machi. Tarehe 19 Mei joto lilikaribia nyuzi 30, na kesho yake jioni theluji ikaanza kuanguka. Nililitandaza karatasi la nailoni moja kwa moja juu ya miche, nikalikandamiza kwa matofali pembeni, nikaenda kulala.

Theluji ya Mei si ile kavu ya Januari. Imejaa maji na ina uzito wa kuvunja hata matawi ya miti iliyokwisha kuchanua. Asubuhi nilikuta miche 11 imevunjika mashina, na kila jani lililogusana na nailoni lilikuwa limelegea, rangi yake imekoza kama mboga iliyochemshwa. Miche 7 ilikuwa bado imesimama. Kwa kuwa mawingu yalianza kutawanyika, niliona hatari imepita, nikaondoa nailoni na kuikunja. Usiku uliofuata, anga lilipokuwa safi kabisa, jalidi iliipiga yote 7.

Kosa hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ndilo ambalo mtu wa Njombe hakupaswa kulifanya. Udongo hupokea joto la jua mchana na kulitoa usiku. Mawingu hulirudisha kiasi chini, lakini anga likiwa wazi joto hupotea moja kwa moja. Ndiyo maana usiku wa theluji wenyewe mara nyingi hauwi mkali kuliko ule unaofuata.

Kutokana na hayo utaona pia kwamba kifuniko hakitengenezi joto; kinazuia tu lile linalotoka ardhini lisipotee. Mwaka uliofuata nilifunika kila mche kwa kitambaa na kukifunga kwenye shina kwa kamba. Mama mmoja wa Kikongo, ambaye tuta lake liko jirani na langu katika bustani ya pamoja, aliniambia, “Mwanangu, umefunika kichwa ukaacha miguu wazi.” Alisema kweli kabisa, kwa maana joto la udongo lilikuwa likipita nje ya kitambaa.

Siku hizi napinda mabomba membamba ya plastiki yawe matao juu ya tuta, kisha natandika mashuka makuukuu yanayofika hadi chini pande zote, kabla jua halijazama. Theluji ikitarajiwa, naongeza nailoni juu ya mashuka ili yasilowe, na usiku naamka mara moja au mbili kuipangusa kwa ufagio. Mchana wake huwa nimekwisha kumwagilia udongo, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Sisubiri utabiri useme sifuri. Kipimajoto cha watabiri huwekwa juu kidogo, na ardhini huwa baridi zaidi, kwa hiyo wakitaja nyuzi 3 nafunika. Jua likipanda nafunua, la sivyo miche itaungua kwa joto.

Sukuma wiki, spinachi, njegere, figili na vitunguu sivihangaikii sana, kwani huvumilia jalidi nyepesi, na theluji inapovifunika huvikinga na baridi iliyo kali kuliko yenyewe. Mchicha na maharage ni kinyume chake, na mbegu zake hazitoki kwenye pakiti mpaka udongo upate joto mwishoni mwa Mei.

Ile miche 7 ya mwaka 2022 nilitaka kuing'oa siku ileile. Sita niliing'oa. Mmoja, ambao chini ya shina ulikuwa bado na ukijani wa urefu wa kidole, niliuacha, na baada ya wiki mbili hivi ulichipua kutoka kwenye kifundo cha jani la chini kabisa. Ulichelewa kuliko nyanya za majirani wote, lakini mwezi wa 9 nilichuma nyanya zake.