Kumfuga Kito manyoya hadi yaguse sakafu

Januari

Kito ni Yorkshire Terrier dume, hajafika kilo tatu, na aliponijia alikuwa amenyolewa mwili mzima. Aliniachia mteja wangu aliyekuwa anahama Arusha. Yeye alimnyoa kwa sababu ya vumbi, na simlaumu. Ila mimi ni msusi, na nilipoona ile rangi ya chuma inavyochipua mgongoni, dhahabu ikiwa kichwani na miguuni, nikasema huyu mkasi atausikia kwa jirani.

Mbwa wa aina hii hana yale manyoya mafupi ya ndani yanayopukutika na kujaa kwenye makochi. Ana tabaka moja tu, refu na laini, na linaendelea kukua. Halifiki mahali likasimama. Kwa hiyo kukua si shida. Shida ni ileile ninayowaeleza wateja wanaolia kwamba nywele zao hazikui: zinakua, dada, ila zinakatikia huku chini kwa kasi ileile zinayotoka huko juu. Kwa rula yangu Kito anaongeza kama sentimita moja kwa mwezi. Kazi yangu yote ni kuilinda hiyo sentimita.

Februari

Vifaa. Brashi ya pini za chuma isiyo na vile vitone nchani, maana vitone hunasa manyoya na kuyakata. Kitana cha chuma. Chupa ya kupulizia, maji na kondishena kidogo, kwa sababu manyoya makavu hayachanwi kamwe.

Shampuu za saluni sizigusi kwake. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina tindikali kama yetu, hivyo ananunuliwa ya kwake. Na wasusi wenzangu, someni chupa: ikiandikwa Tea Tree, iwekeni mbali. Mafuta yale ni sumu kwa mbwa.

Mteja mmoja amemwangalia Kito kwa muda akaniuliza, "Dada, huyu umempaka dawa?" Nimemwambia ni rangi yake ya asili. Hakuamini.

Aprili

Masika. Tope nalimudu: halichanwi likiwa bichi, linasuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Kinachonitoa jasho ni vishona nguo, ambavyo mvua ikinyesha vinaota kila penye uchochoro. Kila mbegu ni sindano nyeusi yenye meno mawili au matatu nchani, na kila jino lina miba inayotazama nyuma. Ukiivuta, inaondoka na manyoya. Kwa hiyo siivuti. Nabana manyoya kwa vidole karibu na ngozi ili Kito asiumie, natia tone la kondishena, kisha nayatoa manyoya kwenye mbegu, uzi mmoja mmoja, mbegu yenyewe ikiwa imetulia palepale. Akitoka uwanjani anaweza kuwa nazo tumbo zima. Redio inawashwa, tunakaa.

Kupe nao. Manyoya yakirefuka macho hayatoshi, lazima vidole vipite kwenye ngozi: nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole vya miguu. Homa ya kupe inaua mbwa mkubwa, sembuse huyu. Dawa yake ya kila mwezi naichukua kwa daktari wa mifugo, si dukani kwa kukisia.

Julai

Baridi. Namwosha mchana tu. Shampuu inapitishwa kwa kufuata manyoya yanakoelekea, kutoka mgongoni kwenda chini. Ukifikicha kama unafua soksi unatengeneza mafundo kwa mkono wako mwenyewe. Kondishena, suuza, kandamiza taulo bila kusugua, kisha drayer ya joto la chini huku brashi ikitembea tabaka kwa tabaka, kuanzia tumboni kupanda juu.

Mkasi nimeutumia sehemu chache: theluthi ya juu ya masikio, ili yawe mepesi na yasimame wima, chini ya nyayo, na kuzunguka njia ya haja, kwa usafi.

Adui mpya ni panya wa stoo. Kito anajipenyeza nyuma ya magunia na kutoka na buibui, vumbi na mafundo. Ni asili yake. Wazee wake walifugwa Yorkshire na Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, katikati ya karne ya 19, kuua panya kwenye viwanda vya nguo. Huddersfield Ben, aliyezaliwa 1865 na kufa 1871, ndiye anayehesabiwa baba wa aina hii nzima, na yeye alishindania urembo na kuua panya pia. Mimi nimeziba mlango wa stoo kwa ubao.

Desemba

Manyoya yamevuka tumbo, kwa hiyo tumeanza kuyafunga kwenye karatasi ili yasikatike. Wanaopeleka mbwa hawa kwenye maonyesho hufanya hivi miaka yote. Fungu la manyoya linalazwa ndani ya karatasi, karatasi inakunjwa kwa urefu mara tatu, kisha inakunjwa kupanda juu mpaka iwe kifurushi kidogo, halafu rababendi. Nilianza na zile karatasi za kuwekea kalikiti, ile dawa ya kuzitia nywele mawimbi, maana maboksi yake yapo kabatini tangu kalikiti ilipokuwa kalikiti. Sasa zimekuwa fupi, natumia za kuokea keki, nazikata mwenyewe.

Mafungu lazima yalingane pande zote mbili, na hakuna kifurushi kinachoruhusiwa kuvuta ngozi. Nikishafunga namwita atembee, akae, ajikune. Akiinua mguu kwa shida, kile cha pajani kinafumuliwa na kufungwa upya. Baada ya siku mbili tatu vyote vinafumuliwa, anachanwa, na njia inasogezwa kidogo ili mzigo usikae kwenye mizizi ileile. Mwanamke aliyewahi kukatika nywele kwenye paji la uso kwa rasta za kubana anaelewa ninachosema.

Kishungi cha kichwani nakifunga vivyo hivyo, kwa ulegevu, nje ya macho. Rababendi inakatwa kwa mkasi mdogo, haivutwi.

Aprili, mwaka wa pili

Manyoya ya kifuani yaligusa sakafu kabla ya ya ubavuni. Tumbo bado. Ni dume, akiinua mguu analowesha manyoya ya mbele ya paja, na mkojo ukikaukia pale yanakuwa ya manjano na kukatika. Namfuta kwa kitambaa chenye maji akishamaliza, na vifurushi vya tumboni vinabadilishwa kila siku.

Hanesi, ile mikanda ya kifuani, imeondoka. Ilikuwa inasugua kwapani na kuacha pengo. Barabarani anavaa mkanda mwembamba wa shingoni, laini, na ndani ya geti havai kitu.

Julai

Nimepima tena. Ubavu wa kushoto unagusa sakafu, wa kulia umepungukiwa sentimita mbili. Nimemchunguza usiku: analalia upande wa kulia, juu ya blanketi la sufu linalonyonya mafuta yote ya manyoya. Nimemshonea foronya ya satini kutoka kwenye kipande kilichobaki cha kofia zangu za kulalia. Ncha za kushoto nimezipunguza kidogo zilipochanika. Zikija kulingana, ndipo nitajaribu kumwachia bila karatasi siku ya Jumapili, ndani ya nyumba tu, stoo ikiwa imefungwa.