Mota ya waipa juu ya paa, Mei 2018

Tarehe 11 Mei 2018, 1KUNS-PF, setilaiti ya umbo la kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Roma, kilitolewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kikaanza kuizunguka dunia peke yake. Kilitangaza kwenye 437.300 MHz. Sisi wachache wa redio jijini Nairobi tulikuwa na antena ya Yagi ya fito saba na kidude cha RTL-SDR, kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kilichokosekana ni cha kuizungusha antena iifuate setilaiti. Kizungushio cha kiwandani chenye mota mbili, ya uelekeo (kugeuka kulia na kushoto) na ya mwinuko (kupanda na kushuka), huuzwa mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Tukashuka Barabara ya Kirinyaga kutafuta vyuma.

Kabla ya kununua tulipiga hesabu ya mwendo, maana wengi hununua mota kwanza ndipo wanaanza kufikiri. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu ikipita utosini husogea kama digrii 1 kwa sekunde. Mwinuko hauhitaji zaidi ya hapo. Uelekeo ni habari nyingine: mpito, yaani setilaiti kupita mara moja juu yetu, ukifika kilele cha digrii 80, antena inatakiwa igeuke karibu digrii 6 kwa sekunde, na ukifika 85 ni kama 12. Ila Yagi fupi ya namna ile husikia upana wa digrii 45 au zaidi, kwa hiyo kuchelewa digrii kumi kwa sekunde chache hakuharibu kitu. Usahihi wa nusu digrii ni anasa. Kinachotakiwa ni antena isiyoyumbishwa na upepo.

Kwa uelekeo tulichukua mota ya waipa ya gari. Uzuri wake ni gia ya skrubu iliyo ndani: ukiusukuma mhimili kwa mkono hauendi, hivyo upepo haugeuzi antena hata mota ikiwa haina umeme. Ubaya wake ni mbio. Kwenye spidi ndogo, kwa volti 12, huzunguka kama mara 45 kwa dakika, yaani digrii 270 kwa sekunde. Tulipunguza kwa sproketi za bodaboda, ya meno 14 ikivuta ya meno 42, hatua mbili zinazofuatana: tatu mara tatu, tisa. Zikabaki digrii 30 kwa sekunde, na zilizozidi tukazipunguza kwa kukatakata umeme hadi kama theluthi moja. Ukipunguza kwa umeme peke yake bila sproketi, mota hukwama, kisha hurukaruka. Bomba la antena lilisimama ndani ya habi ya gurudumu la gari pamoja na beringi zake. Fundi wa kuchomelea alilimaliza hilo upesi.

Waya hasi wa mota nyingi za waipa umeungwa kwenye bodi yenyewe, yaani ganda la chuma la mota. Kwenye gari hakuna shida, kwa kuwa mota haigeuzwi upande. Kwenye kizungushio, ukigeuza umeme, bodi inabeba volti 12, na mlingoti umeshaungana na hasi ya betri kupitia ganda la waya wa antena. Hapo kiendeshi, saketi inayoipa mota umeme na kuugeuza, kinaungua. Kuweka mpira chini ya mota hakusaidii, kwa sababu umeme hupita kwenye mhimili na cheni. Dawa ni kuifungua mota, kuitenga brashi ya hasi na bodi, na kuitolea waya wake. Kisha unapima kwa mita: kati ya bodi na waya zote mbili pasiwe na mlio. Kiendeshi kilikuwa BTS7960. L298N, inayopendwa kwa bei yake, hubeba ampea 2 tu na kula volti kama 2 njiani. Kwa waipa haifai.

Mwinuko ulifanywa na jeki ya dishi kubwa la zamani, ile fimbo ya inchi 18 ya volti 36. Mkono wa sentimita 20 unahitaji fimbo itembee milimita 3.5 kwa sekunde ili utoe digrii 1. Kwa volti 12 yetu ilikuwa inajikokota, kwa betri mbili ikatosha. Jeki isifungwe mahali ambapo fimbo na mkono vitalala kwenye mstari mmoja, maana pale nguvu yote huishia kwenye pini. Na antena isawazishwe kwa uzito nyuma, waya wake ukiwa umeshafungwa.

Kuhusu sensa, kanuni yangu ni moja: zikae kwenye kinachozunguka mwisho, si kwenye mota. Cheni ikilegea jino moja la sproketi ya 42 ni zaidi ya digrii 8, na sensa iliyo kwenye mota haitajua. Uelekeo ulisomwa na AS5600, chipu inayosoma pembe ya sumaku inayozunguka mbele yake. Sumaku yake lazima iwe na ncha zake pande mbili za kipenyo; sumaku ya kawaida ya duara, yenye ncha juu na chini, haisomeki. Iwekwe mbali kidogo na bomba la chuma, juu ya kipande cha plastiki. Mwinuko ulisomwa na MPU-6050, sensa ya mlalo, iliyofungwa kwenye boriti ya antena: inapima mvutano wa dunia, basi haihitaji gia yoyote. Upepo unaitikisa, kwa hiyo tulichukua wastani wa vipimo 20.

Waya za sensa hizi hazivumilii mita kumi. Arduino, kompyuta ndogo inayoamrisha mota, ilipanda juu ya paa ndani ya boksi la plastiki, na mawasiliano na kompyuta yakashuka kwa RS-485, njia inayovumilia waya mrefu, kupitia vipande viwili vya MAX485. Kompyuta ilikuwa na Gpredict, programu inayokokotoa setilaiti iko wapi, ikizungumza na rotctld, programu ya kuamrisha kizungushio, kwenye mlango 4533, lugha EasyComm II, uvumilivu (tofauti inayoachwa kabla ya antena kusogezwa) digrii 5. Uvumilivu ukiwa digrii 1, cheni inagongagonga mpito mzima. Kwenye mota tuliweka kapasita za nanofaradi 100, kati ya brashi na kutoka kila brashi hadi bodi. Bila hizo, kila mota ikisogea redio inajaa mikwaruzo.

Kupata kaskazini, dira juu ya mabati ni ya kupuuzwa. Tulitumia jua. Katikati ya Mei, Nairobi, linachomoza uelekeo wa kama digrii 71, na saa moja na nusu baadaye limesogea digrii mbili au tatu tu, hivyo hata saa ya mkononi iliyokosea dakika chache haidhuru. Kivuli cha mlingoti asubuhi kikatoa mstari. Mchana jua liko juu mno, kivuli hakifai.

Mpito wa kwanza tulioufuata ulipanda zaidi ya digrii 80. Kileleni uelekeo ulibaki nyuma waziwazi, antena ikizunguka huku setilaiti imeshavuka, lakini mstari wa mawimbi yake kwenye skrini ulififia kidogo tu kisha ukarudi, ukishuka taratibu kutoka karibu kilohezi 10 juu ya masafa yake hadi karibu 10 chini, kama inavyotakiwa kwa kitu kinachokujia kisha kinakwenda zake.

Kilichobaki kutusumbua ni stima. Kutoka Nairobi mpito wa kaskazini huvuka digrii 0 na wa kusini huvuka 180, kwa hiyo popote utakapoweka kikomo cha mzunguko ili waya usijisokote, kuna mpito utakaokatika. Tuliruhusu digrii 450 na kitanzi kirefu cha waya. Lakini AS5600 inajua duara moja tu. Mzunguko wa ziada unahesabiwa na programu, na stima ikikatika hesabu hiyo inapotea, halafu waya unajisokota kwenye bomba. Namba ya mzunguko ikawa inaandikwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika stima ikikatika, kila antena inapovuka kaskazini, na swichi ya kikomo ikaunganishwa kwenye waya wa mota wenyewe, pamoja na dayodi ya kuiruhusu irudi nyuma, ili ikate hata Arduino ikiwa imechanganyikiwa.