Kiti kitupu cha Alexander

Watu wakimuongelea Alexander wa Makedonia wanaishia kwenye vita zake, mimi kinachonivuta ni vurugu iliyofuata alipofia Babeli mwaka 323 KK, akiwa na miaka 32 tu na bila mrithi wa kueleweka. Kulikuwa na kaka yake wa kambo Arrhidaeus, ambaye akili yake haikuwa sawa, na mkewe Roxane alikuwa mjamzito. Majenerali wakaamua wote wawili wawe wafalme, huyo Arrhidaeus na kichanga, ila amri watoe wao wenyewe.

Sasa askari waliokuwa wakimfuata mtu mmoja hadi India utawaambia nini wamtii mtoto wa kunyonya? Eumenes alikuwa na shida kubwa zaidi, alikuwa katibu wa Alexander aliyepewa jeshi kuongoza, tena Mgiriki wa Cardia, na makamanda wa Kimakedonia hawakutaka kupokea amri yake hata kidogo. Basi akawaambia ameota ndoto, akasimamisha hema la kifalme, ndani akaweka kiti cha dhahabu na fimbo ya enzi na kilemba cha mfalme, kila kikao wanafukiza ubani kwanza halafu wanajadili mbele ya kiti kitupu, kana kwamba Alexander ndo mwenyekiti. Na ikafanya kazi! Ila baada ya vita ya Gabiene, Antigonus, jenerali mpinzani wake, alipoteka mizigo na familia za askari wake wakongwe walioitwa Ngao za Fedha, wakamkabidhi Eumenes wao wenyewe ili warudishiwe vyao, akauawa.

Ile damu ya kifalme yenyewe ikaisha kikatili, Olympias, mama yake Alexander, alimuua Arrhidaeus, na Cassander, aliyekuwa ameishika Makedonia, akamuua mtoto wa Roxane pamoja na mama yake.

Mwaka 306 KK Demetrius akashinda vita ya majini pale Salamis ya Kupro, na hapohapo baba yake Antigonus akatangazwa mfalme, na mwanae pia, majenerali wengine nao wakafuata, wakajiita wafalme. Yaani ushindi ndo ulikuwa cheti chao, na hapo ndo tatizo, maana mwanao hawezi kurithi ushindi wako.

Kwangu mimi aliyeelewa vizuri ni Ptolemy, jenerali wa Alexander aliyetwaa Misri. Mwaka 285 KK akiwa hai alimweka mwanae mdogo atawale naye, watu wakamzoea kabla mzee hajafa, na ukoo ule ukakaa Misri hadi Cleopatra, mwaka 30 KK. Mkubwa aliyerukwa, Ptolemy Keraunos, alikimbia, na mwaka 281 KK akamuua Seleucus, jenerali mwingine wa Alexander aliyekuwa amempa hifadhi, akajitangaza mfalme wa Makedonia.