Wembe ni ule ule

Kabla ya kuja Massachusetts sikuwahi kununua mashine ya kunyolea ndevu. Kule Moshi unakwenda kwa kinyozi, yameisha. Huku bei ya kinyozi iliniumiza, nikahamia kwenye hizi za plastiki zenye visu vitano, zikaniachia vipele shingo nzima. Ndevu zetu za kipilipili zikikatwa chini sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi.

Mwezi Mei nikaenda Brimfield, kwenye soko la vitu vya kale linalofanyika mara tatu kwa mwaka. Ni kama soko la mitumba la Memorial kule Moshi, ila badala ya mashati kuna saa, vijiko na vitanda vya marehemu. Mzee mmoja alikuwa na kopo limejaa mashine za chuma. Moja ilikuwa na mpini uliotanuka chini kama sketi. Ukizungusha kifundo, milango miwili juu inafunguka kama mabawa ya kumbikumbi.

"Hiyo ni ya Vita ya Pili ya Dunia," akasema. "Dola 25."

Nilikuwa nimesoma kidogo, nikaigeuza kichwa chini. Mashine za Gillette za Marekani za miaka ile, kama hiyo, zina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Herufi ni mwaka: W ni 1951, zikafuata X, Y na Z, kisha 1955 wakaanza upya na A. Namba ni robo ya mwaka. Yangu ilikuwa A na 3, maana yake ilitoka kiwandani kati ya Julai na Septemba 1955. Tena aina hiyo, Super Speed, ilianza kuuzwa 1947. Vita gani hiyo, mzee? Sikumwambia hivyo, nilimwonyesha tu herufi. Akacheka, tukamalizana kwa dola 15.

Kabla ya kulipa nilitazama kama milango inafunga sawasawa pande zote mbili. Uchafu si tatizo, maana maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani viliutoa jioni ileile. Milango ikishapinda, hapo umenunua pambo.

Kilichonifurahisha zaidi ni wembe wenyewe. Pakiti aliyoniletea dada kwenye begi, ileile ya dukani kwa Mangi tuliyokatia kucha na kufumulia nguo, iliingia humo bila shida. Siku ya kwanza nilikandamiza kwa mazoea ya plastiki nikajikata kidevuni. Sasa naulaza kidogo, naacha uzito wa chuma ufanye kazi. Vipele vimepungua sana.

Jumapili nikampigia baba kwa video. Baada ya shikamoo nikamwonyesha.

"Umetoa hela kwa hiyo?" akauliza. "Ya babu yako imo kwenye kopo la misumari."

Nikamwomba ailete. Ikaja imejaa kutu, ya kufunguka vipande vitatu, haina milango.

"Baba, angalia chini ya kichwa. Kuna herufi?"

Akavaa miwani, akaisugua kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hapa pameandikwa Made in England. Mengine yamekula kutu. Niitupe?"

"Usiitupe! Dada akirudi huku, mpe aje nayo."